Mvua Haiharibu Nduthi, Inaifichua Tu

Wasee, mvua ya Aprili ikianza tu kumwagika, kuna maneno utayasikia kila stejini kuanzia Kangemi hadi Pipeline: "Nduthi imeingia maji." Msee amesimama kando ya barabara, abiria ameshuka akachukua matatu, yeye anapiga kiki hadi mguu unauma. Injini inakohoa mara mbili, kisha kimya. Nusu saa baadaye mvua inakatika, anapiga kiki moja tu, inawaka kama haikuwa na shida yoyote. Anashukuru Mungu, anaendelea na kazi. Keshokutwa ikinyesha tena, mchezo ni ule ule.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna mafundi watanikasirikia: mvua haijawahi kuharibu hiyo nduthi. Ilikuwa mbovu tangu Januari kwenye jua kali. Mvua imekuja tu kusema siri. Ukielewa hilo utaacha kumwaga doo kwa spea ambazo hukuzihitaji. Na njia nzuri ya kulielewa ni kurudi nyuma miaka mia moja na kitu, kwa sababu vita kati ya injini na maji ni vya zamani kuliko babu zetu.

Kabla ya cheche kulikuwa na moto wenyewe

Mwaka wa 1885, kule Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitengeneza chombo cha magurudumu mawili chenye injini ya petroli. Watu wengi wanakihesabu kama pikipiki ya kwanza ya petroli duniani. Fremu yake ilikuwa ya mbao, na kulikuwa na vigurudumu viwili vidogo pembeni kuzuia isianguke. Ukiiona leo unaweza kudhani ni kigoda kilichokimbia nyumbani.

Injini ile haikuwa na plagi. Ilikuwa na kibomba kidogo cha chuma kilichopashwa moto na mwali wa taa kutoka nje hadi kikawa chekundu. Petroli na hewa vikigandamizwa ndani ya silinda, mchanganyiko ule unaingia kwenye kibomba, unawaka. Sasa fikiria kuendesha kitu kama hicho kwenye barabara ya Limuru mwezi wa Julai. Upepo ukipuliza mwali ule ukazimika, safari imeisha. Kwa hivyo tangu siku ya kwanza injini ilikuwa na tatizo na hali ya hewa. Kwanza ilikuwa inaogopa upepo, hata kabla ya kujifunza kuogopa maji.

Bosch na umeme usiopenda kufungiwa

Watu walitafuta njia ya kuwasha petroli bila kubeba moto wazi karibu na tenki, na jibu lilikuwa umeme. Mwaka wa 1897, karakana ya Robert Bosch ilifaulu kufunga magneto kwenye chombo cha magurudumu matatu cha De Dion-Bouton. Magneto ni kitu rahisi ukikitazama vizuri: sumaku inazunguka karibu na waya uliosokotwa, na mzunguko ule unazaa umeme. Huhitaji betri. Halafu mwaka wa 1902, mhandisi wa Bosch aliyeitwa Gottlob Honold akaleta magneto ya volti nyingi pamoja na plagi ya cheche. Hapo ndipo injini tunayoijua ilizaliwa.

Nataka usimame hapa kidogo, maana siri yote ya mvua iko hapa.

Betri ya nduthi yako ina volti 12. Hizo haziwezi kuruka hata nafasi ndogo ya plagi, ambayo huwa chini ya milimita moja. Ili cheche iruke, koili inabidi ipandishe umeme hadi maelfu ya volti. Elfu kumi, na zaidi ya hapo. Umeme wa nguvu hizo una tabia moja: hautaki kufungiwa. Unatafuta njia rahisi ya kufika kwenye chuma cha injini, na njia yoyote iliyo rahisi kuliko ile ya plagi ndiyo utaifuata. Kinachouzuia ni raba ya waya, kepu ya plagi (ile nyeusi inayovalishwa plagi) na kauri nyeupe ya plagi yenyewe.

Raba ikiwa nzima, umeme hauna pa kutorokea. Raba ikipasuka ufa mwembamba kama unywele, siku ya jua bado mambo ni sawa, kwa sababu ndani ya ule ufa kuna hewa, na hewa kavu inazuia umeme vizuri. Sasa mvua inyeshe. Maji yaingie ndani ya ufa. Na si maji safi ya mawinguni. Ni maji ya barabarani, yamechanganyika na vumbi, chumvi na matope ya Outering. Maji ya aina hiyo yanapitisha umeme. Ghafla kuna barabara mpya, fupi, isiyo na foleni. Cheche inapitia kwa ufa, inagonga chuma, na ndani ya silinda hakuna kinachowaka.

Kuna kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui. Kadiri mchanganyiko ulivyogandamizwa ndani ya silinda, ndivyo cheche inavyohitaji volti nyingi zaidi ili kuruka. Ukifungua akseli kupanda mlima, unaingiza hewa na petroli zaidi, mgandamizo unapanda, na njia ya plagi inakuwa ngumu. Ndiyo maana kuna nduthi inanguruma vizuri ikiwa imesimama kwenye mvua, lakini ukiivuta tu kidogo inakata. Na ndiyo maana ule mtindo wa kuchomoa plagi, kuigusisha kwenye injini na kusema "cheche iko, shida si hapo" unaweza kukudanganya. Nje hakuna mgandamizo. Cheche inayoruka nje inaweza kukataa kuruka ndani.

Waingereza na glavu ya jikoni

Kama unadhani hili ni tatizo la nduthi za bei nafuu peke yake, hebu twende Uingereza mwaka wa 1959. British Motor Corporation ilitoa gari dogo linaloitwa Mini, lililobuniwa na Alec Issigonis. Lilikuwa gari la ajabu kwa wakati wake: injini imelazwa kwa upana ili gari liwe fupi na watu wanne waingie. Lakini ule mpangilio uliacha distribyuta, yaani kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi, imeelekea mbele nyuma tu ya grili. Mvua ikinyesha, maji yanapita kwenye grili moja kwa moja hadi kwenye nyaya za cheche. Gari linazima.

Hii ni nchi ambayo mvua si habari. Kampuni kubwa, wahandisi waliosoma, na bado gari likatoka kiwandani likiwa na kiu ya aina hiyo.

Wenye magari walifanya nini? Walichukua glavu ya raba ya kuoshea vyombo, wakaivalisha ile distribyuta, wakapitisha kila waya kwenye kidole chake. Sitanii. Vidole vinne kwa plagi nne, na kidole gumba kwa waya wa koili. Ni kama kile kifaa kilitengenezewa glavu. Ilikuwa dawa ya bei ya jikoni, na iliwezekana kwa sababu wenye magari walijua ni mahali gani hasa maji yalikuwa yanagusa. Hawakubadilisha injini wala kabureta. Walifunika pale pale.

Hilo ndilo somo langu la kwanza kwa watu wa nduthi. Aliyejua maji yanagusa wapi alitumia glavu. Asiyejua atanunua nusu ya gari.

Mwaka wa 1953 ulikuwa na mambo

Mwaka wa 1953 yalitokea mambo mawili yasiyojuana. Kule San Diego, Marekani, kampuni ndogo ya Rocket Chemical ilikuwa inatafuta mafuta ya kufukuza maji ili chuma cha makombora kisipate kutu. Jaribio la 40 likakubali, na jina likabaki hivyo hivyo: WD-40, maana yake kufukuza maji, jaribio la arobaini. Baadaye mwaka wa 1958 ilianza kuuzwa madukani, na watu wakagundua kwamba ukiipuliza kwenye nyaya za cheche zilizolowa, gari linawaka.

Mwaka huo huo wa 1953, huku kwetu Afrika Mashariki, mashindano ya magari yaliyokuja kuitwa Safari Rally yalianza, wakati huo yakipewa jina la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yakawa yanafanyika wakati wa Pasaka. Na wewe unajua Pasaka ya Kenya iko wapi kwenye kalenda: katikati ya mvua ndefu.

Mwaka wa 1963, magari 84 yaliondoka. Yaliyomaliza ni 7. Mwaka wa 1968, yakaondoka 93, na tena yakamaliza 7. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff na Peugeot 404. Na Joginder Singh, yule dereva wetu aliyeshinda mwaka wa 1965 na Volvo, alikuwa kati ya wale saba miaka yote miwili. Sisemi kwamba magari yote yale yalizimwa na cheche. Matope, mito iliyofurika na mawe vilifanya kazi yao. Ninachosema ni kwamba hizi barabara na hii mvua zimekuwa mtihani unaojulikana dunia nzima kwa miaka mingi. Mtu akikuambia nduthi yako inazima "kwa sababu ni ya bei nafuu", mkumbushe kwamba magari ya kiwanda yenye timu nzima ya mafundi yalilala kwenye matope yetu.

CDI ilipokuja, udhaifu ukahama nyumba

Kwa miaka mingi injini zilitumia pointi, vile vidude viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga ili kuamua cheche itoke saa ngapi. Vilikuwa vinachakaa, vinachafuka, na unyevu ukiingia ndani vinagoma. Mzee yeyote aliyekuwa na gari kabla ya miaka ya themanini atakuambia habari za kusugua pointi na karatasi ya msasa.

Halafu ikaja CDI, kisanduku cha elektroniki kinachofanya kazi ya pointi bila kuwa na kitu kinachogusana. Kawasaki H1 ya mwaka wa 1969 ilikuwa miongoni mwa pikipiki za kwanza za barabarani kutoka kiwandani nayo. Hiyo teknolojia ikashuka pole pole hadi kwenye pikipiki ndogo za kazi, na leo karibu kila nduthi ya stejini yenye kabureta ina kisanduku hicho mahali fulani chini ya kiti au ubavuni.

CDI iliondoa udhaifu mmoja. Lakini umeme wa maelfu ya volti bado unatoka kwenye koili, bado unapita kwenye waya wa raba, bado unaingia kwenye kepu, na kepu bado imekaa nyuma ya tairi la mbele ambalo linarusha matope. Udhaifu haukufa. Ulihama tu kutoka ndani ya injini ukaenda kuishi nje, mahali ambapo maji yanafika kwanza.

Halafu ongeza historia yetu. Boda boda ilianza na baiskeli, kule mpakani Busia, watu wakivushwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwaka wa 2008 serikali ikaondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, na nduthi zikafurika nchini. Kwa mara ya kwanza, vijana wengi sana wakawa wanategemea cheche moja, silinda moja, kila siku, mvua au jua. Gari la silinda nne likipoteza cheche moja litatetemeka lakini litakufikisha. Nduthi ina plagi moja. Ikipotea hiyo, umesimama. Na ukisimama ghafla katikati ya Mombasa Road usiku kwenye mvua, na lori liko nyuma yako, hiyo si hadithi ya spea tena.

Binamu yangu na chupa ya maji

Binamu yangu anaendesha boda upande wa Kasarani. Nduthi ni ya mkopo, analipa kila siku, inyeshe isinyeshe. Mwaka jana ilianza ule ugonjwa. Ikinyesha dakika kumi, inakata kama mtu amezima swichi. Fundi wa kwanza akaweka plagi mpya. Jua likatoka, ikawaka, fundi akalipwa. Wiki iliyofuata ikanyesha, ikazima. Fundi wa pili akafungua kabureta, akaiosha, akaipuliza. Ikawaka, akalipwa. Ikanyesha, ikazima. Wa tatu akasema ni CDI. Mpya ikanunuliwa Grogan. Mchezo ni ule ule.

Angalia mtego ulipo. Hawa mafundi hawakuwa wezi. Kila mmoja alipokea nduthi kavu. Joto la injini lilikuwa limekausha ule ufa kabla hata nduthi haijafika gereji. Chochote ambacho fundi angefanya siku ile, hata kuipigapiga mgongo na kuiombea, nduthi ingewaka, na yeye angeamini ameitengeneza. Tatizo la mvua lina uchawi huo: linampa kila mtu sifa asiyostahili.

Fundi wa nne alikuwa mzee mmoja wa jua kali. Nilikuwepo siku hiyo. Akamuuliza binamu:

"Kijana wangu, hii kitu inakufa lini?"

"Ikinyesha tu, mzee."

"Na mbona umeniletea ikiwa imekauka?"

Tukanyamaza. Akatutuma maji, akayatia kwenye chupa ya kupulizia, ile ya kinyozi. Akangoja giza liingie vizuri, akawasha nduthi chini ya kibanda, taa zote zimezimwa, akaanza kupuliza maji kidogo kidogo: kwanza swichi ya funguo, halafu swichi ya kuzimia kwenye usukani, halafu koili, halafu waya, na mwisho kepu. Alipofika kwenye kepu tukaona kitu cha bluu kinachezacheza kutoka kwenye kepu hadi kwenye mapezi ya injini, kama radi ndogo. Injini ikakohoa, ikafa.

"Huyo hapo," akasema. Kepu moja. Kati ya spea zote zilizokuwa zimenunuliwa, hiyo ndiyo ilikuwa karibu na ile ya bei rahisi kabisa.

Basi fanya hivi

Niliyoyaona kwa yule mzee, na niliyoyasoma baadaye, yanakuja kwa mpangilio. Swali la kwanza si "nibadilishe nini?" Swali ni: *inakufa vipi?*

Ikikata ghafla, kama mtu amezima swichi, shuku umeme. Ikififia pole pole, inavuta, inadondoka, inakufa kama mtu anayeishiwa pumzi, shuku petroli au hewa. Hii si sheria ya Musa, lakini inakuonyesha mlango wa kugonga kwanza.

*Upande wa umeme*, fanya jaribio la giza na chupa ya maji. Hakikisha kuna hewa ya kutosha, usifungie nduthi chumbani kwa sababu moshi unaua. Hakikisha hakuna petroli inayovuja. Usishike waya wala kepu injini ikiwa inanguruma, huo umeme utakurusha. Lowesha sehemu moja, ngoja, kisha nenda nyingine. Ukilowesha kila kitu kwa mara moja umejirudisha pale pale pa kubahatisha. Ukiona bluu, umeshika mwizi. Usipoona bluu lakini injini ikazima ulipopuliza swichi, basi swichi ndiyo imeingia maji. Na usisahau zile soketi za plastiki zinazounganisha nyaya za CDI na zile zinazotoka kwenye sumaku. Zichomoe, tazama kama kuna kijani cha kutu.

Mchana, chomoa kepu injini ikiwa imezimwa na uitazame ndani na nje. Ukiona mstari mweusi mwembamba kama umechorwa na penseli, huo ni mkaa. Cheche imepita hapo mara nyingi hadi imejichimbia njia, na sasa inaweza kupita hata bila maji. Usiisafishe. Itupe.

*Upande wa petroli*, anza na kifuniko cha tenki. Kina tundu dogo la kuingiza hewa. Maji na matope vikiliziba, petroli inashindwa kushuka kwa sababu hakuna hewa ya kuchukua nafasi yake. Nduthi ikizima, fungua kifuniko. Ukisikia inavuta hewa "fssss" halafu ikawaka, umepata jibu bila kutumia hata shilingi. Halafu kuna maji ndani ya petroli. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hivyo yanakaa chini kabisa ya kabureta. Fungua ile skrubu ya chini, mwaga kidogo kwenye glasi safi, mbali na moto na sigara, na uache itulie. Ukiona matone yanatembea chini kama shanga, hayo ni maji. Ukishamwaga, uliza yameingilia wapi: raba ya kifuniko cha tenki, au kituo ulichojazia.

Ikizima hasa unapopita kwenye dimbwi refu, angalia vile vimipira vinavyoning'inia chini ya kabureta. Kimoja kinaweza kuwa cha kupumulia. Kikizama, kabureta inakosa pumzi. Na kama chujio cha hewa kimelowa, injini inavuta kama mtu aliyefunikwa uso na taulo.

Kuna moja ya ajabu kwa watu wa Limuru na Kinangop. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta inanyonya joto. Siku ya baridi yenye ukungu mzito, unyevu ulio kwenye hewa unaweza kuganda kuwa barafu ndani ya koo la kabureta, hata kama nje hakujafika sufuri. Injini inafifia, inakufa. Unangoja dakika chache, joto la injini linayeyusha, inawaka. Marubani wa ndege ndogo wanaufahamu huu ugonjwa vizuri sana. Fundi akifungua kabureta hatapata kitu, kwa sababu ushahidi umekuwa maji na umeondoka.

Na kutengeneza? Mara nyingi ni kazi ndogo. Kepu mpya. Kata kipande kifupi cha mwisho wa waya ulioharibika kabla ya kuifunga, kama waya bado una urefu. Waya ukiwa umekauka na kupasuka, badilisha. Paka grisi ya silikoni kidogo kwenye midomo ya raba. Rudisha ile raba inayoning'inia chini ya madigadi ya mbele, ile ambayo wengi wameitoa kwa sababu ya urembo, maana kazi yake ni kuzuia tairi lisiipigie plagi matope. Na mwambie kijana wa kuosha asielekeze ile pampu ya nguvu kwenye plagi, soketi na swichi. Mvua inaanguka kutoka juu, lakini pampu inasukuma maji mahali ambapo mvua yenyewe haingefika.

Hizo dawa za kupuliza ni sawa za kukufikisha nyumbani. Lakini kufukuza maji kwenye ufa si kuziba ufa.

Kwa hivyo nasema nini?

Kuna watu wataniambia nduthi za stima zinakuja, mambo ya plagi yataisha. Kweli, hazina plagi wala kabureta. Lakini zina soketi, zina nyaya, zina betri, na maji hayabagui. Historia yote niliyokupa inaonyesha kitu kimoja: kila kizazi kinaziba mlango mmoja, na udhaifu unahamia mlango wa pili. Mwali ukaenda, pointi zikaja. Pointi zikaenda, kepu ikabaki. Kepu ikienda, soketi itakuwepo.

Kinachonikasirisha si maji. Ni kwamba tumezoea kubahatisha kwa pesa ya mtu mwingine. Kijana analipa mkopo kila siku, halafu tunamwambia "jaribu CDI", "jaribu koili", "jaribu kabureta", kana kwamba mfuko wake ni maabara. Kujaribu kwa chupa ya maji ni bure. Kujaribu kwa spea mpya ni chakula cha wiki.

Kama wewe ni fundi na unasoma hii, nakuomba kitu kimoja. Mtu akikuletea nduthi inayozima kwenye mvua, usiguse spana kabla hujailowesha ikazima mbele yako. Na ukishabadilisha kitu, ilowesha tena pale pale. Ikiendelea kunguruma, hapo ndipo umetengeneza, na pesa yako ni halali. Na kama wewe ndiye mwenye nduthi, usilipe kabla hujaona hayo maji yakimwagwa.